Gemu Iliyochezwa Bila Sauti

Muziki wa ile gemu nimeusikia kwa mara ya kwanza mwaka huu, na mimi ndiye niliyeicheza mpaka vidole gumba vikaota sugu. Mama alikuwa ameshazikwa, khitma imesomwa, watu wamerudi makwao, nimebaki mimi na mwanangu Munir tunapanga vyombo katika fleti ya marehemu ya Mchafukoge, ghorofa ya tatu, alimoishi tangu alipoolewa mpaka alipotolewa kwa jeneza. Munir alishuka kwenda Kariakoo kutafuta maboksi ya kufungia, akarudi na boksi moja tu, nalo limeshajaa. Ndani mlikuwa na mashine ya gemu ya kizamani, ya kijivu na nyekundu, ila imetengenezwa upya, waya mmoja tu, gemu zote zimo humo humo. Alisema nimezidi kununa, na kwamba amesikia watu wa umri wangu wakiona vitu hivi wanacheka wenyewe. Akachomeka kwenye televisheni ya bibi yake, akabonyeza hapa na pale, na kabla sijamaliza kumenya chungwa nikamwona kifaranga wa njano amesimama juu ya daraja la mbao, mamba wanamngoja chini, na muziki unapiga. Muziki wa kitoto, wa mbiombio, kama wa baiskeli ya muuza aiskrimu. Nikamwambia azime.

"Samahani Maza, nimesahau kama tuko msibani," alisema, na aliomba radhi ya kweli, maana mtoto ana adabu. Lakini sikumkatalia kwa ajili ya msiba. Siku hizi nani anafunika televisheni? Nimekaa matanga ya watu, chumba hiki Yasini, chumba cha pili mpira, na wenye nyumba hawaoni vibaya. Kilichonishtua ni kwamba kifaranga yule namjua, najua ubao upi humtupa na mamba yupi mnafiki, ila sauti yake niliyokuwa nayo kichwani ni ile aliyokuwa akiitoa mdogo wangu Nassor kwa midomo, tuk tuk tuk, kwa kunong'ona. Nimeishi na tuk tuk hiyo miaka yote, halafu mashine inaniambia siyo. Nilichukia, wallahi. Ndipo Munir akakaa chini katikati ya masufuria, akataka kujua Nassor ni nani hasa, zaidi ya lile jina linalotajwa kwenye dua. Nilianza kumsimulia, mwisho wake ukanishinda, kwa hiyo naandika.

Mwaka wa msiba wa Baba nilikuwa na miaka kumi na minne na Nassor ana kumi. Baba alifia Maskati alikokwenda kutafuta, akazikwa huko huko, na Mama akaingia eda humu ndani, miezi minne na siku kumi. Shangazi Thureya, dada mkubwa wa Baba, alihamia kwetu na mkeka wake na chetezo chake ili kuhakikisha eda ya mke wa ndugu yake inakaliwa sawasawa. Na ikakaliwa. Kioo cha sebuleni kiligeuzwa kutazama ukuta, redio ikapandishwa juu ya kabati, televisheni ikafunikwa shuka jeupe, nayo ikakaa pale kama maiti mwingine. Mama hakutia wanja, hakujifukiza udi, hakupanda hata juu ya paa kuanika nguo, maana jengo la pili kuna mafundi wa kiume na wana macho. Nilianika mimi. Chakula kilikuwa kizuri, nisiseme uongo, Shangazi alikuwa na mkono: wali wa nazi, mchuzi wa papa aliyenunuliwa Feri, maandazi ya iliki asubuhi. Lakini tulikula kimya, na Mama alikuwa akimega tonge, analizungusha sahanini, analirudisha.

Hofu ya nyumba ile ilikuwa moja, na kila mtu aliijua. Nassor alikuwa na sikoseli. Baridi ikimpata, au akichoka, miguu na mgongo humuuma mpaka anauma mto, macho yanageuka manjano, na hapo hapangojwi, ni hospitali. Na siku zote aliyempeleka ni Mama. Alijua wapi pa kumshika asipige kelele, alijua kuwaambia manesi mshipa wa mkono upi haujachoka. Wiki ile ya mwanzo nilikuwa jikoni nachambua mchele, nikamsikia akimuuliza Shangazi chumbani, taratibu: "Wifi, Nassor akishikwa je?" Shangazi akajibu kwamba Mungu atamlinda mpaka eda iishe. Hilo si jibu, hiyo ni dua. Mama hakuuliza tena, na mimi nilimaliza mchele wangu.

Kisha likaja sanduku la Baba. Jirani aliyekuwa akirudi kutoka Maskati ndiye aliyelibeba. Mlikuwa na kanzu zake, kofia mbili, viatu, halwa iliyokwisha kuganda, na katikati ya kanzu, imeviringishwa isivunjike, mashine ya gemu yenye pedi mbili na kaseti moja. Juu ya boksi lake Baba alikuwa ameandika kwa kalamu jina la Nassor. Tulilia upya siku hiyo, hata Shangazi, ambaye tangu msiba uingie alikuwa akituzuia kulia kwa sauti. Nassor hakulia. Alikaa na ile mashine, anaifuta, anaigeuza, akatazama televisheni chini ya shuka lake, akamtazama Mama. Kesho yake na keshokutwa ikawa hivyo hivyo. Alikuwa akiichomeka ile kaseti, anaichomoa, anaipuliza vumbi lisilokuwepo, anairudisha, akiwa amekaa mbele ya shuka jeupe. Ukitaka kumuumiza mama mtu, fanya hivyo.

Mama alistahimili siku kadhaa. Mchana mmoja baada ya chakula akasimama, akalitoa lile shuka, akalikunja vizuri na kuliweka juu ya kiti. Shangazi alikuwa anasoma tasbihi, akaiacha. Yakasemwa maneno ambayo sitayaandika yote, maana wote wawili ni marehemu. Shangazi alisema nyumba ya mjane haitoi ngoma, na watu wa ngazini watasema mke wa marehemu Seif amechangamka kabla udongo haujakauka. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema neno moja tu: "Sauti hatutafungua." Shangazi akafikiri, akarudi kwenye tasbihi yake, na hivyo ndivyo mkataba ulivyofungwa.

Sasa, kuiwasha. Munir kaiwasha yake kwa waya mmoja, hajui adha tuliyoipata. Maandishi ya kwenye boksi yalikuwa ya kwao huko ilikotengenezwa, hatujui hata herufi moja. Fundi wa kiume asingeweza kupanda, hilo halikuzungumzwa hata. Nikatumwa mimi kwa Fundi Chilumba, mtu wa Newala mwenye kibanda chake Kariakoo, aliyekuwa akitutengenezea redio. Akanionyesha kwa vidole: waya huu unaingia palipo na waya wa antena, adapta hii ukutani, kisha fungua kile kijidroo chini ya kioo, mna vigurudumu, zungusha kimoja polepole. Akasema siri yake ni sikio. Televisheni itapiga kelele ya chenga, shaaa. Pale kelele inapokatika ghafla, umefika, usizungushe tena. Nilipanda ngazi zote zile nimefurahi, nikamweleza Mama, tukatazamana. Sikio ndilo tulilokwisha kuahidi kulifunga.

Basi tukatafuta kwa macho. Mama alipiga magoti mbele ya televisheni kwa nguo zake zile zisizo na rangi, kidole kwenye kigurudumu, na Nassor pembeni yake uso umegusa kioo. Chenga zilikuwa zikimiminika kimya kimya. Mara televisheni ya Zanzibar ikapita, mtu anasoma habari, mdomo unafunguka na kufungika, mara mistari, mara giza, tukashangilia, kumbe umeme umekatika. Mgao ulikuwa mkali mwaka ule. Umeme uliporudi tukaanza tena, na mashine haikuonyesha kitu, ndipo Nassor akakumbuka kuipuliza kaseti. Aliipuliza kwa pumzi yake yote ya kigonjwa, akaichomeka, Mama akazungusha unywele tu, na kifaranga akatokea. Alikuwa hatulii, anatetemeka kama kitambaa, lakini ni yeye. Nassor akafungua mdomo kupiga kelele, akakumbuka, akajiziba kwa viganja viwili. Mama akamvuta, wakacheka wote wawili wameinamiana, mabega yanaruka, sauti hakuna. Nimemwona mama yangu akicheka mara nyingi baadaye. Hakuwahi kucheka vile.

Tukawa tunacheza kila mchana, Shangazi akilala au akishuka sokoni. Nassor alikuwa bingwa, mimi nilikuwa wastani, Mama alikuwa balaa. Kifaranga akiruka, naye anaruka. Akielekea kulia, Mama anapinda kulia mpaka anamwangukia mtu. Nassor alimwekea kifaranga sauti, tuk tuk kwa hatua, pii kwa kuruka, na akianguka kwa mamba humwambia pole Mama, huyu mamba hana dini. Miguu yake alikuwa ameiweka mapajani kwa Mama, naye anaikanda huku akicheza kwa mkono mmoja, ndiyo maana alishindwa daima. Na Shangazi, niseme haki yake, alikuwa akitoka kulala anatukuta, na hakuwahi kutufukuza. Mara moja nilimwona amesimama nyuma ya pazia la mlango, anamwangalia kifaranga, midomo yake imekaa tayari kusema "ruka."

Lakini Shangazi alikuwa na ugonjwa wake, nao ni watu. Alasiri wanawake wa jengo letu walikuwa wakija kukaa na mjane, wanakunywa kahawa, na mazungumzo yao nilikuwa nikiyasikia kutoka jikoni. Kuna mjane wa mtaa wa pili, walisema, alitoka edani kwenda harusini kwa binamu yake, na tangu siku ile mume wake anaotwa akilia kaburini. Aliyemwota ni nani, hakuna aliyeuliza. Mwingine akasema mwanamke akivunja eda, mwanawe haponi. Shangazi akaitikia kwamba ndivyo walivyolelewa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amesoma hilo mahali popote; lilisemwa na mama zao na mama wa mama zao, likasemwa na hapo. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka wake. Mimi nilipita na birika, nikaona mikono yake imebana pindo la nguo.

Masika yakaingia. Maji yalivuja dirishani, kuta zikawa na unyevu, na nguo nilizoanika zilirudi ndani mbichi. Siku moja baada ya Alasiri Nassor aliiacha pedi katikati ya daraja, akasema mgongo. Neno moja hilo tu. Mama akamkanda, akampa maji na dawa, akamfunika mablanketi, naye akaanza kuuma mto. Nilikimbia chini kutafuta teksi. Niliporudi, Mama ameshavaa buibui, amemfunga Nassor kwenye shuka, mkono uko kwenye kitasa. Na Shangazi amesimama mbele ya mlango. Hakuwa na ukali, nataka Munir alijue hilo. Alikuwa analia.

"Wifi yangu, mjane hatoki," alisema. "Unamwua mwanao kwa mikono yako. Nipe mimi, nitamshika kama wangu."

Mama angeweza kumsukuma. Alikuwa na nguvu kuliko yeye, na mimi ningemsaidia. Nimelifikiria hilo miaka yote, nikiwa nafua, nikiwa foleni benki, mahali popote. Lakini walikuwa wameshamwingizia yale maneno, mwanawe haponi, na mama wa mtoto mgonjwa utamwogopesha kwa lolote. Alimtazama Nassor, akamtazama Shangazi, akamkabidhi. Kisha akamwelekeza pa kumshika, chini ya magoti, si kwapani, na mshipa wa mkono wa kushoto ndio bado mzima. Akasimama juu ya ngazi akiwasikiliza wakishuka mpaka mlango wa chini ukafungwa.

Alilazwa. Shangazi alikaa naye usiku na mchana, analala sakafuni kwenye mkeka, na alimshika kama wake kweli. Mimi nilikuwa mpeleka chakula. Mama alipika uji wa mchele wenye tui, akautia kwenye chupa, akaifunga kwa kanga ili asubuhi ufike moto, na nikirudi huninusa mikono, maana ndimi niliyemgusa. Nassor alikuwa amepungua, macho manjano kabisa, amewekewa damu. Kila siku aliuliza Mama anakuja lini, na kila siku nilimjibu eda ikiisha. Siku moja akanivuta sikio karibu na mdomo wake, Shangazi asisikie. "Mwambie afunike uso wote," alisema. "Hakuna atakayemjua kama ni yeye."

Niliyapeleka hayo nyumbani kama yalivyo. Ningeyaweka wapi? Mama alikuwa anaosha chupa ya uji. Aliendelea kuiosha, akaisuuza, akaiosha tena, halafu akakaa chini palepale kwenye sakafu ya jikoni yenye maji. Hakusema atakwenda na hakusema hatakwenda. Alisali mchana kutwa. Kesho yake, jua limeshatoka na yeye ameshakoroga uji mwingine, Shangazi akarudi peke yake, tukajua tangu hatua zake kwenye ngazi.

Nassor alizikwa siku hiyo hiyo. Wanaume walijaa sebuleni, wanawake chumbani, pazia katikati. Walipokuwa wanakaribia kumchukua, Mama, ambaye hakuwa amelia hata kidogo, alisogea mpaka kwenye pazia, akamwita sheikh wa msikiti wetu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayeuliza saa ya swala.

"Sheikh, mwanangu aliniita hospitali, nami niko edani. Lau ningekwenda, ningekuwa nimekosa?"

Mzee yule alikuwa mtu mkweli, na nadhani alikwishaelewa, maana alishusha pumzi tukaisikia. "Hapana, binti yangu," akasema. "Mjane hutoka mchana kwa haja yake. Na mtoto mgonjwa si haja, ni dharura. Ungekwenda. Hata kulala ungelala naye." Kisha akaongeza kwa upole, "Hukuuliza?" Mama akasema hakuuliza. Akarudi akakaa. Wale wanawake wa kahawa waliinamisha vichwa, kila mmoja akapata kitu cha kutazama sakafuni, na Shangazi Thureya alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu mwingine, kisha wakamchukua Nassor.

Nilidhani watagombana. Nilitaka wagombane, nilitaka masahani yaruke. Hakuna. Mama alirudisha shuka kwenye televisheni, akaipakia mashine kwenye boksi lake, akaimaliza eda yake kwa ukamilifu kuliko alivyoianza. Walikula sahani moja, walisali bega kwa bega. Miaka mingi baadaye Shangazi alipopooza, Mama ndiye aliyemwogesha na kumlisha kwa kijiko mpaka siku ya mwisho. Ila kuanzia mazishi yale hakumwita wifi tena. Alimwita Bi Thureya, kwa heshima, kama unavyomwita mgeni. Mara mbili tatu Shangazi alijaribu, "Wifi yangu, chumvi imetosha?" na Mama akajibu, "Imetosha, Bi Thureya." Shangazi akafahamu, akaacha kujaribu. Mimi nilimchukia Shangazi, nikamhurumia, nikamchukia tena, na nikimkumbuka leo bado sijamaliza. Alikosea kwa kuogopa. Sote tuliogopa. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini walau mtu aseme nani kaangusha mtungi, na katika nyumba yetu hilo halikusemwa kamwe.

Siku ya Mama kutoka eda wanawake walikuja asubuhi na mapema. Wakamwogesha, wakamvika gauni jipya, wakamfukiza udi, wakamtia hina kidogo kwenye kucha. Pilau lilikuwa jikoni, na ilikuwa imepangwa apelekwe kwanza kwa jamaa zetu waliomngoja. Wakamuuliza, kwa desturi tu, anataka kuanzia wapi. Akasema hospitali. Waliangaliana. Mama akanishika mkono, tukashuka ngazi sisi wawili, na yeye, aliyekuwa hajakanyaga mtaa muda wote huo, alitembea katikati ya mikokoteni na wapiga debe bila kutazama kushoto wala kulia, ananukia udi, watu wanampisha.

Wodini nilimwonyesha kitanda, karibu na dirisha. Alilala mtoto mwingine, wa kike, mdogo kuliko Nassor, ana dripu mkononi. Mama yake alikuwa mwanamke wa kusini, kwa lafudhi yake nilidhani Lindi au Mtwara, amejifunga kanga, na alikuwa anafunga kifurushi chake. Mama akamsalimia, akamuuliza hali ya mtoto, na yule akaeleza kwamba bado ana homa, ila yeye ameitwa nyumbani Buguruni. Baba mkwe amefariki, ndugu wa mume wamejaa, na mkwe mtu hawezi kukosekana kwenye matanga, atasemwa. Mtoto atabaki na manesi mpaka kesho. Alilisema huku akimwangalia mtoto, naye mtoto ameshikilia pindo la kanga yake.

Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda, juu ya gauni lake jipya, akaushika mkono wa yule mwanamke uliokuwa na kifurushi.

"Usiende," akasema.

"Dada yangu, watanisema."

"Waache waseme. Watasema, watachoka, watakwenda kulala. Wewe kaa."

Yule mwanamke alimtazama, hina, udi, macho, sijui aliona nini. Akakisukuma kifurushi chini ya kitanda, akapanda, akalala kando ya mtoto wake. Mama alibaki amekaa pale, mkono wake juu ya shuka la kitanda kile, mpaka nesi akaja kutuambia muda wa kuwaona wagonjwa umekwisha.